Diski Imekufa, Yaliyomo Yangali Hai

Ni chache siku hizi nyumba zisizokuwa na kitu cha thamani ndani ya kompyuta. Zamani hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua za marehemu na picha za harusi zilikaa katika kasha, na ufunguo wake ulikuwa kiunoni mwa mama mwenye nyumba. Leo aghalabu zimepigwa picha na kutiwa katika kompyuta ya kijana wa nyumbani, na lile kasha limepewa kazi nyingine. Sauti za masheikh wetu waliokwisha kufariki, zilizokuwa katika kanda za kaseti, nazo zimehamishiwa humo humo. Na yule kijana aliyeandika kazi yake ya mwisho ya chuo kikuu, jasho la miezi tisa, kaitia humo pia. Kisha asubuhi moja kompyuta yawashwa, yasikika ikigonga, tak, tak, tak, na uso wa kioo wabaki mweusi.

Twataka kuwaeleza wasomaji wetu yanayotokea siku hiyo. Tumeona mara nyingi kwamba diski inapoharibika khasara kubwa haiji saa ile ile. Yaja katika saa zifuatazo, kwa mikono ya watu wenye nia njema. Huyu aiwasha tena na tena, yule aipiga kofi, mwingine aleta bisibisi. Jioni ikifika, kilichokuwa kikiweza kupatikana chote asubuhi, hakipatikani tena hata robo.

Yako mambo mawili yafaa kuyajua kabla ya mengine: diski imeundwaje, na kufuta ni nini.

Tusemapo diski hapa twakusudia ile diski ngumu, kisanduku cha chuma kilicho ghala ya kompyuta. Ndani yake mna visahani vya alumini au vya kioo, laini mno, vimepakwa utando mwembamba wa madini yenye kushika sumaku. Visahani hivyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika katika diski nyingi za kompyuta za mkononi, na mara 7,200 katika nyingi za kompyuta za mezani. Mtu akifanya hesabu kwa kisahani cha upana wa sentimita tisa na nusu, ataona kwamba ukingo wake wakimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa, yaani mwendo wa basi lisilo na adabu. Juu ya kisahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Kichwa hicho hakikigusi kisahani. Huelea juu ya upepo uletwao na mzunguko ule, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene mara elfu nyingi kuliko nafasi hiyo, na hata chembe ya moshi ni kubwa, haiwezi kupita hapo bila ya kugonga.

Chombo hiki kina umri mkubwa kuliko vijana wengi wanavyodhani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikitoa cha kwanza mwaka 1956, kikiwa na visahani 50, kila kimoja upana wake inchi 24, na uzito wa mashine nzima ukikaribia tani moja. Kilichukua herufi milioni tano. Leo picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kukijaza kikafurika.

Khabari huandikwa juu ya kisahani kwa kugeuza mwelekeo wa sumaku katika vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho. Na sumaku haitaki umeme ili ikae. Umeme ukikatika, mota ikifa, bodi ya umeme ikiungua, sumaku iko pale pale kama ilivyoachwa. Kwa hiyo mtu akisema "diski imekufa", aghalabu kilichokufa ni mlango wa kuingilia, na mali iliyomo ndani ingali imekaa mahali pake.

Ama kufuta, kuna khabari yake. Kila diski ina sehemu iliyo mfano wa fihiristi ya kitabu, inayoonyesha jina la kila faili na mahali ilipo. Mtu akifuta faili, kompyuta haiendi kuikwangua neno kwa neno. Yaondoa mstari wake katika fihiristi, au yautia alama tu, na mahali pale pahesabiwa kuwa pa wazi. Kurasa zenyewe zabaki zilivyo mpaka siku itakapoandikwa faili nyingine juu yake. Ni kama kitabu kilichong'olewa ukurasa wa fihiristi: msomaji atataabika kuitafuta sura, walakini sura haikutoka. Hata diski iliyofomatiwa kwa njia ya haraka, mara nyingi imepewa fihiristi mpya iliyo tupu, na yaliyobaki hayakuguswa.

Ili msomaji asidhani twatia chumvi, tumsimulie kisa ambacho khabari zake zilienea duniani. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika vipande vipande juu ya nchi ya Texas kilipokuwa kikirudi ardhini, na watu saba waliokuwamo wakafa wote. Miongoni mwa mizigo yake lilikuwamo jaribio la wanasayansi juu ya gesi iitwayo xenon. Walitaka kujua kama gesi hiyo, ikiwekwa katika hali fulani ya joto na mgandamizo kisha ikakorogwa, hulegea na kutiririka kwa wepesi, kama ifanyavyo krimu ya maziwa. Jaribio hili haliwezekani ardhini, kwa kuwa uzito wake wenyewe huigandamiza gesi na kuharibu kipimo. Ndiyo sababu lilipelekwa juu. Sehemu ya majibu ilitumwa kwa redio wakati wa safari. Iliyobaki ilikuwa ndani ya diski moja ndogo iliyotengenezwa na Seagate, ambayo uwezo wake haukufika hata nusu ya gigabaiti.

Diski hiyo ilianguka toka mbinguni pamoja na mabaki mengine. Ilipatikana baada ya miezi kama sita katika ziwa lililokauka. Ilipofikishwa kwa Jon Edwards, fundi wa kampuni ya Kroll Ontrack huko Minnesota, yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuweza kutambua kuwa ni diski: aliona vipande viwili vya chuma vilivyoshikamana, vimeungua na kingo zake zimeyeyuka. Bodi ya umeme ilikuwa imekwisha. Muhuri wa ubavuni uliyeyuka, na uchafu ukapata njia ya kuingia.

Akavitoa visahani. Vilikuwa havikupinda. Kwa kuwa diski ilikuwa haizunguki wakati chombo kilipovunjika, vichwa havikuvikwaruza kwa mwendo ule tuliousema. Pako mahali palipoharibika, lakini diski ilikuwa imejaa kiasi cha nusu tu, na kompyuta ya jaribio lile ilitumia mfumo wa kale wa DOS, ambao kwa kawaida haukuwa na tabia ya kuzitawanya khabari huku na huku; kwa hiyo mahali palipoumia hapakuwa na maandishi. Edwards alivisafisha visahani kwa dawa, akaviweka katika mwili wa diski nyingine, na katika siku mbili akapata asilimia 99 ya yaliyokuwamo. Wanasayansi wakamaliza hesabu zao, na majibu ya jaribio yakachapishwa katika jarida la Physical Review E mwaka 2008, miaka mitano baada ya wale saba kufariki. Ziko diski nyingine mbili za chombo hicho hicho alizoletewa fundi huyo, nazo hazikutoa kitu.

Katika kisa hiki jambo moja halitajwi sana, nalo twaliona ni kubwa. Tangu diski ile ilipookotwa hapana mtu aliyeweza kuiwasha, kwa kuwa hapakuwa na kilichobaki cha kuwasha. Ilifika mikononi mwa fundi ikiwa vilevile ilivyoanguka. Twadhani hilo nalo lilikuwa katika salama yake.

Sasa mlinganishe na diski ya nyumbani iliyoanguka toka mezani hadi sakafuni, kimo cha dhiraa moja na nusu. Kwa nje haina hata mkwaruzo. Ndani kichwa kimoja kimepinda, au kimenasa juu ya kisahani. Ikitiwa umeme, visahani vyaanza kuzunguka. Kichwa chatafuta alama za njia zilizoandikwa kiwandani, hakizioni, mkono warudishwa mwanzo kwa nguvu, wajaribu tena, warudi tena. Ile tak, tak, tak ndiyo sauti ya mkono huo. Ikiwa kichwa kimevunjika, kila mzunguko ni kwanguo, na ule utando wa sumaku wabanduka ukawa vumbi. Na sumaku iliyogeuka vumbi hapana fundi duniani awezaye kuirudisha. Diski iliyotoka angani ikiwaka moto ilisomeka, na hii iliyoanguka toka mezani isisomeke, kwa sababu ya saa moja ya kuwasha na kuzima.

Basi diski ikigonga, au ikitoa mlio mwembamba wa kunung'unika bila ya kuzunguka, izimwe saa ile ile. Usingoje kompyuta ijizime kwa utaratibu, chomoa waya. Ikiwa ni kompyuta ya mkononi, bonyeza kitufe cha kuzimia usikiachilie mpaka izimike. Kisha isiwashwe tena, hata kwa kuonyeshana.

Katika mtaa mmoja tunaoujua, jamaa walikuwa na darsa za baba yao, mwalimu mashuhuri wa fiqhi, zilizorekodiwa kwa miaka mingi. Kanda za kaseti zilikuwa zimeliwa na unyevu, kwa hiyo sauti zote zilibaki katika diski moja ya kubebeka. Diski ilipoanza kugonga waliipeleka dukani kwa fundi wa simu, kando ya barabara. Naye, bila ya ubaya wowote moyoni mwake, aliifungua kwa bisibisi chini ya feni inayozunguka, akakifuta kisahani kwa kitambaa cha shati, akaifunga, akaiwasha. Sauti ya mzee yule leo yapatikana katika kaseti mbili tu zilizookotwa kwa mwanafunzi wake.

Tumeitaja feni makusudi. Chumba ambamo diski yapasa kufunguliwa ni chumba cha hewa iliyochujwa. Kwa kipimo kinachotumika, yaani daraja la 5 la ISO, mita moja ya ujazo wa hewa haipaswi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 za ukubwa wa nusu ya mikromita au kupita. Hewa ya chumba cha kawaida ina chembe kama hizo kwa mamilioni. Chembe moja ikitua juu ya kisahani, hugongwa na kichwa kwa mwendo wa basi lile. Kwa hiyo mwenye kuifungua diski sebuleni "kutazama tu", ajue kwamba kutazama huko kwatosha kuimaliza.

Ziko na hila nyingine zinazopita mdomo kwa mdomo. Wako wanaoitia diski katika friji ya barafu usiku kucha. Katika diski za kale hila hiyo huenda ilimfaa mtu mmoja mmoja. Lakini ikitolewa penye joto, hasa katika miji yetu ya pwani ambako hewa yenyewe ni maji, umande hushika ndani ya visahani, na kichwa huparamia matone. Wako wanaoipiga kofi. Wako wanaoizika katika mchele baada ya kuingia maji, kwa kuwa wamesikia ya simu. Diski iliyolowa maji ya mafuriko au ya bahari, mafundi wa kazi hii wasema isikaushwe: ifungwe ikiwa na unyevu wake katika mfuko usiopitisha hewa, ipelekwe upesi, maana maji yakikauka humo huacha chumvi na tope vikagandamana na visahani. Mchele na upikwe.

Fundi ajuaye kazi hufanya nini? Ikiwa vichwa vimeharibika, hutafuta diski nyingine ya aina ile ile, na mara nyingi ya toleo lile lile, akavitoa vichwa vyake na kuvipandikiza katika hii. Ni kazi ya mkono mtulivu, kwa kuwa vichwa visigusane hata kidogo wakati vinapoondolewa. Diski iliyofanyiwa hivyo hairudi katika matumizi. Imepewa uhai wa saa chache, au siku chache, ili inakiliwe, basi.

Na kunakili ndiko kunakomtambulisha fundi mwema. Yeye hafanyi utafutaji wake juu ya diski iliyo mgonjwa. Kwanza huitoa nakala ya diski nzima, kipande kwa kipande, kilichoandikwa na kilicho tupu, akaitia katika diski nzima ya afya. Kisha huiweka ile ya asili kando, na taabu yake yote huifanya juu ya nakala. Iko programu ya bure iitwayo ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz, ambayo hekima yake yapendeza. Diski imegawanywa katika vipande vya baiti 512, na 4,096 katika nyingi za miaka ya karibuni. Programu hii huchukua kwanza vipande vinavyosomeka kwa wepesi, huviruka vilivyo vigumu, na huandika daftari la mahali ilipofika. Baadaye hurudi kwenye vile vigumu, mara ya pili na ya tatu. Hivyo, hata diski ikikata roho katikati ya kazi, yaliyo mengi yamekwisha kuokolewa. Kompyuta ya kawaida hufanya kinyume chake: ikikwama katika kipande kibovu hungangania hapo hapo, ikaichosha diski mpaka ikafa.

Pasipokuwa na fihiristi kabisa, faili hutafutwa kwa sura zake. Picha za namna ya JPEG, ambazo ndizo nyingi za simu na kamera, huanza kwa alama ile ile siku zote, kama barua za wazee wetu zilivyoanza kwa bismillahi. Programu kama PhotoRec ya Christophe Grenier, nayo ni ya bure, hupita juu ya diski nzima ikiitafuta alama hiyo na nyingine za namna zake, na kila iionapo huchukua yaliyo mbele yake. Majina ya faili hayarudi kwa njia hii. Mtu hupata picha elfu nne zenye nambari tupu, akakaa na familia yake jioni nyingi kuzipambanua. Faili zilizokuwa zimetawanyika huja zimekatika.

Hapa kuna kosa ambalo vijana wengi hulifanya, na hasa walio hodari wa kompyuta. Amefuta faili, au diski imemwambia "nifomati kabla ya kunitumia". Diski ni nzima, haigongi. Mara moja aishusha programu ya kuokolea toka katika intaneti na kuiweka juu ya diski ile ile anayotaka kuiokoa. Programu yaketi juu ya kurasa zilizokuwa za wazi, nazo ndizo zilizokuwa na harusi ya dada yake. Kisha kile kidogo kilichopatikana akihifadhi hapo hapo, juu ya kilichobaki. Ikiulizwa kufomati, jibu ni hapana; diski itolewe, ishikizwe katika kompyuta nyingine ili isomwe tu, na yote yatakayopatikana yaandikwe katika chombo kingine.

Tuseme kidogo na juu ya umeme. Miji yetu yajua umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kukatika kwenyewe diski za kisasa zimekutengenezea dawa: umeme ukitoweka ghafla, nguvu iliyobaki katika mzunguko wa visahani hutumiwa kuurudisha mkono mahali pake pa kulala. Kurudi kwa kishindo ndiko kunakounguza bodi iliyo chini ya diski. Zamani mtu aliweza kununua diski ya mfano ule ule akahamisha bodi, na kazi ikaisha. Sasa haiwi hivyo, kwa kuwa bodi ina chipu ndogo iliyoandikwa vipimo vya diski ile moja peke yake, vilivyopimwa kiwandani. Bila ya kuihamisha chipu hiyo, bodi mpya haivijui vichwa vya zamani. Kwa bahati, mara nyingi kilichoungua ni kikinga kidogo kilichowekwa makusudi kife badala ya vingine, na fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri aweza kuimaliza kazi kwa nusu saa. Katika maradhi ya diski haya ndiyo mepesi.

Yote tuliyoyasema juu ya kufuta ni ya diski zenye visahani. Kompyuta nyingi mpya za mkononi hazina visahani. Zina diski ya chipu tupu, iitwayo SSD, isiyokuwa na kitu kinachozunguka. Faida yake ni kwamba ikianguka haina kichwa cha kuvunjika. Lakini nyingi huletewa amri iitwayo TRIM: kompyuta ikifuta faili, huiambia diski kwamba mahali pale hapatakiwi tena, na diski hupasafisha yenyewe, bila ya kungoja. Kwa hiyo faili iliyofutwa humo aghalabu haipatikani, na muda wa kuwahi ni mfupi mno. Zaidi ya hayo diski hizi hufa bila ya kugonga. Jioni zafanya kazi, asubuhi kompyuta yasema haioni diski. Mwenye nazo asingoje dalili.

Mtu atasema: dawa ni kuwa na nakala. Ndiyo, tena nakala mbili, na mojawapo ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa kaka aliye mji wa mbali, kwa kuwa mwizi na moto huingia nyumba moja. Walakini nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ipo. Makala haya si ya sinema, ila kisa chenyewe ni cha watu wa sinema. Mwaka 1998 huko California, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Mtu mmoja aliandika amri ya kufuta mahali pasipo pake, na wafanyakazi wakaona sehemu za filamu zikitoweka mbele ya macho yao, mpaka ikaondoka karibu yote. Wakazikimbilia nakala za akiba. Wakakuta kwamba zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa kwa muda, na hapana aliyejua. Waliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, mkuu wa ufundi wa filamu ile, ambaye alikuwa amejifungua na kwa sababu hiyo akifanya kazi nyumbani, na nyumbani alikuwa na nakala. Kompyuta yake ilifungwa katika mablanketi na kupelekwa kazini kwa gari, pole pole, kama mgonjwa. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Twawashauri kina baba na kina mama, kabla ya kumlipa fundi, waketi waandike ni kitu gani hasa kilikuwa humo na kama kipo mahali pengine. Picha za harusi aghalabu zimetumwa kwa jamaa wa Maskati au wa Toronto, nazo zingali katika simu zao. Hati ya ardhi ina asili yake. Gharama ya chumba cha hewa safi si ndogo, wala chumba chenyewe hakipatikani kila mji; mara nyingine diski italazimu kusafirishwa, imefungwa katika sponji nene pande zote. Na fundi aulizwe maswali matatu: ataifungulia wapi, atanakili kwanza au la, na ile nakala aliyofanyia kazi ataifanya nini baadaye.

Swali la tatu wengi huona haya kuliuliza. Mwenye kuokoa diski huyaona yaliyomo, hapana njia nyingine. Humo mna picha za wanawake wa nyumbani wakiwa sebuleni mwao, mna karatasi za hospitali, mna barua ya mume kwa mke. Diski iliyo mikononi mwa fundi ni amana kama nguo zilizo kwa dobi, bali ni zaidi. Apewe mtu anayejulikana, na ikiwezekana mmoja wa nyumbani awepo yanapofunguliwa.

Na lile lile linalotufurahisha, kwamba yaliyomo hayafutiki upesi, lina upande wake wa pili siku mtu anapoiuza kompyuta kuukuu. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walipokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, walinunua diski kuukuu 158 kati ya mwaka 2000 na 2002. Zilizosomeka zilikuwa 129, na katika hizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa ni 12 tu. Katika nyingine walikuta barua za watu, khabari za maradhi yao, na nambari za kadi za benki zaidi ya elfu tano. Hawakuhitaji chumba cha hewa safi wala bisibisi. Waliyachapisha hayo mwaka 2003, na maduka ya vitu kuukuu yangali yamejaa diski.

Kwa hiyo kabla ya kuiuza, diski ya visahani iandikwe upya yote tangu mwanzo hata mwisho, kwa programu ya kazi hiyo. Mara moja yatosha kwa diski za siku hizi, nayo huchukua saa kadhaa. Ile ya SSD ina amri yake ya kujisafisha iliyowekwa na kiwanda. Na diski iliyokwisha kukata tamaa, isiyowaka, haiwezi kuandikwa kitu juu yake, basi isitupwe jaani ilivyo: itobolewe kwa keekee mahali pawili patatu mpaka visahani vyenyewe vitoboke, na mtobozi afunge macho kwa miwani ya kazi, kwa kuwa visahani vya kioo hupasuka na kuruka.